Bibi Afya Aliyetukataza Kubeba Mawe

Ukimwamkia Bibi Afya, aliitikia marahaba huku akikutazama kucha. Usoni hakukutazama mpaka amalize kucha. Mtendaji wa mji, mtu wa suti na gari la ofisi, nilimwona kwa macho yangu akikunja vidole na kuvificha kiganjani alipokuwa akimpa shikamoo. Ofisi nzima tulikuwa na tabia hiyo ya kukunja vidole. Mgeni akiingia kwenye vikao vyetu angedhani tunajiandaa kupigana.

Kwenye karatasi alikuwa afisa afya wa mji. Kwa watu wote, kuanzia wauza nyanya hadi madiwani, alikuwa Bibi Afya. Mimi aliniita Digrii kwa sababu niliingia idara ya mipango moja kwa moja kutoka chuo kikuu, na kwa sababu nilikuwa na mazoea ya kuuliza "kwa nini" kabla mtu hajamaliza kusema. Mazoea hayo yalinipa alama nzuri chuoni na maadui wengi kazini. Yeye hakuwahi kuniita kwa jina langu, kwa hiyo na mimi sitalitaja lake.

Mji wenyewe ni mdogo. Uko kwenye barabara inayotoka Same kwenda Ndungu, chini kabisa ya milima. Mvua hukaa huko juu inatuangalia tu. Juu kuna ukungu, migomba na tangawizi. Chini kuna vumbi, miiba, na ng'ombe wanaovuka barabara kwa saa wanayoitaka wao. Karibu nusu ya wafanyakazi wa mji walikuwa watu wa juu walioshuka kufuata kazi. Waliishi chini na kuzikwa juu. Mtu asiyelijua hilo hawezi kuuelewa ugomvi wa Bibi Afya na ofisi yetu.

Alikuwa mkali wa usafi, lakini ukali wake ulikuwa na milango ya nyuma. Siku moja asubuhi alimfungia kijana wa chipsi kwa kukosa maji ya kunawia. Jioni akamtuma mhudumu wa ofisi akamletee chipsi za kijana huyo huyo, aliyekuwa anauza kwa kujificha nyuma ya duka. Nikamuuliza inakuwaje.

"Nimemfungia yeye," alisema akitafuta chumvi. "Chipsi sikuzifungia."

Alipiga marufuku watu kutema mate sokoni, na mwenyewe alikuwa na kikopo cha ugoro kwenye pochi. Alihubiri vyoo bora kijiji hadi kijiji, na mumewe, mwalimu mstaafu mwenye utani mwingi, alitueleza mbele yake kwamba choo chao cha nyumbani kule Mhezi, kijiji chao cha mlimani, kilikuwa na mlango wa gunia.

"Nyumbani sipo kazini," alijibu Bibi Afya, wala hakuona aibu.

Wanatusema sisi Wapare kwamba tunapenda kesi. Yeye hakupenda kesi. Alipenda kushinda, na kesi aliiona inachelewesha.

Mji ulikuwa na lori moja. Siku za kazi lilibeba taka za soko. Mfanyakazi akifiwa, au akifa mwenyewe, lori hilo hilo lilibeba mwili na waombolezaji kwenda mlimani. Usicheke. Kabla ya safari lilioshwa kwa dawa na brashi kuanzia asubuhi, na msimamizi wa kuosha alikuwa Bibi Afya. Likishaoshwa, alipanda kwa ngazi, akainama akanusa pembe zote. Kisha akavua viatu na kukaa chini kwenye mbao na sketi yake ya kazini.

"Hapa naweza kukaa mimi," alimwambia dereva. "Basi na marehemu atakaa."

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuwauliza wafanyakazi ni maslahi gani wanayoyathamini zaidi, maana mtendaji alisikia kwenye semina kwamba motisha si mshahara peke yake. Nilijiandaa kusikia bima ya afya, nauli ya likizo, mafunzo na chai ya saa nne. Niliyasikia hayo yote. Lakini kila niliyemuuliza alimalizia kwa kusema, "Na lori wasiliguse."

Mama mmoja mfagiaji alinifafanulia. "Bima nzuri, mwanangu. Ila bima inanisaidia nikiwa hai. Nikifa je?"

"Ukifa utakuwa umekufa, mama," nikasema.

Kesho yake Bibi Afya alikuja mezani kwangu, akahamisha kompyuta yangu pembeni ili akae kwenye kona ya meza.

"Digrii, nasikia unawatangazia watu kwamba wakifa wamekufa."

"Si kweli?"

"Ni kweli. Baada ya hapo kuna safari."

Nilimwambia nilichokiamini, na sehemu yake bado nakiamini: kwamba maslahi ya kazi ni ya watu walio hai, kwamba ofisi ya mji si kampuni ya mazishi, na kwamba lori likiwa mlimani taka zinalala sokoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwafanyia wengi.

"Ukiishi huku kwenye vumbi miaka yote," alisema, "watu wa nyumbani wanakuhesabu umepotea. Wanajua unatuma hela, basi. Siku wenzako wanapanda na lori, wanasimama mmoja mmoja kaburini kujitambulisha, 'mimi nilifagia naye, mimi nilikaa naye meza moja,' ndipo mama yako anajua kwamba huku ulikuwa na watu. Hiyo fedha inanunua?"

Mlinzi wetu, mzee wa jamii ya wafugaji, alikuwa mlangoni anasikiliza. "Sisi tunazikana hapa hapa tambarare," akasema. "Nyinyi Wapare mnasumbua hata mkishakufa."

"Wewe endelea kulinda geti," Bibi Afya alimjibu, na wote wawili wakacheka.

Sasa niieleze kona. Barabara ya kwenda Mhezi, ikishapita mashamba ya chini, inakunja ghafla kwenye mteremko wa udongo mwekundu. Vijana wa bodaboda wanaiita Shuka Kwanza, kwa sababu abiria lazima ashuke atembee. Wakati wa masika hata pikipiki tupu inasukumwa. Tangu zamani watu wa juu waliitengeneza kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja: kila kaya inatoa mtu na jembe, hakuna anayelipwa, na asiyetokea ataulizwa. Sisi wa ofisini nasi tulizoea kwamba ukitokea msiba, siku moja kabla lori linapeleka mawe, tunayashusha kwa mikono na kuyapanga kwenye matope. Filimbi ya kuanza na kumaliza ilikuwa shingoni mwa Bibi Afya. Mpangaji wa mawe alikuwa yeye, na mtu akiweka jiwe vibaya alilitoa mwenyewe na kulirudisha mikononi mwake kama mtoto aliyekataliwa kliniki.

Kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa mama wa msaragambo. Nataka hilo likumbukwe.

Siku ya kikao cha bajeti tulikuwa na uwezo wa mradi mmoja wa maana. Yaliletwa mawili: taa za barabara kuu, au zege kwenye kona ya Shuka Kwanza. Taa hazikuwa upuuzi. Kina mama wauza samaki wa jioni walizihitaji, na nilisema hivyo. Lakini mtendaji hakuwataja wauza samaki. Alisema mji unapaswa kuonekana.

"Uonekane na nani?" aliuliza Bibi Afya. Alikuwa kikaoni kama mwakilishi wa wafanyakazi.

"Na wapita njia."

"Wapita njia wanapita, mheshimiwa. Ndiyo kazi yao."

Watu wakacheka. Mtendaji naye alicheka kidogo, kisha akaeleza kwa upole. Ile kona, alisema, wananchi wanaimudu wenyewe. Kila mwaka wanaitengeneza vizuri sana, na tunawapongeza kwa moyo huo. Mji utumie fedha mahali ambapo wananchi hawawezi. Halafu akaongeza jambo la pili: kwa kuwa lori linaharibikia mlimani, kuanzia sasa mfanyakazi akifiwa atapewa rambirambi, lori libaki mjini.

Nilimtazama Bibi Afya. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa anafikiri, na kufikiri kwake kulionekana, midomo ikisogea kama ya mtu anayesoma kwa mbali.

"Kumbe ni mawe yetu," akasema taratibu. "Tumejinyima barabara kwa mawe yetu wenyewe."

"Hapana, Bibi Afya, sijasema..."

"Umesema. Tena umesema vizuri, nimeelewa." Alivua filimbi shingoni, akaitia kwenye pochi. "Kuanzia leo Shuka Kwanza haipati jiwe. Si langu, si la mtu wa Mhezi. Tuone kama inajimudu yenyewe."

Taa zikapitishwa.

Nilifikiri ni hasira ya kikao, itaisha na chai. Jumamosi akapanda mlimani, akasimama nje ya kanisa baada ya ibada ya Sabato na kuwaambia watu wasitoke tena na majembe. Ilikuwa vurugu. Kuna waliomwambia kwamba amelewa mji. Kuna waliosema mwanamke aliyeolewa tu pale hawezi kuwafundisha wenyeji kuacha mila. Mkulima mmoja wa tangawizi alimfuata mpaka ofisini kwetu, viatu vikiwa na udongo mwekundu.

"Mama, magunia yangu yako kwenye kona. Gari haipandi. Yanaozea pale kwa ajili ya kiburi chako."

"Mpelekee mtendaji gunia moja," alisema. "Atie kwenye chai yake, akumbuke inatoka wapi."

"Mimi nina watoto wa shule!"

"Na mimi nina mume mgonjwa, yuko Mhezi, na dawa zake zinapita hapo hapo. Unadhani nimekataa nikiwa nimekaa pembeni?"

Yule mkulima aliondoka bila kuaga. Nilimuuliza Bibi Afya amepata wapi mamlaka ya kuwazuia watu kutengeneza njia yao.

"Sina mamlaka," alisema. "Nimekataa tu. Kukataa hakuna cheo, Digrii. Hata wewe unaweza kujaribu."

Jambo la ajabu ni kwamba walimtii. Walimlaumu, walimnunia, kanisani wanawake waliacha nafasi pande zote za benchi alilokalia, lakini hakuna aliyebeba jiwe. Nadhani kila mtu alikuwa amechoka kupongezwa.

Mumewe alifia hospitali ya Same katikati ya masika. Nilidhani hapo ndipo atakapolegea, na ofisi nzima ilidhani hivyo. Mtendaji aliruhusu lori, kwa maneno yake, kwa mara ya mwisho. Tuliliosha sisi wenyewe. Brashi tulizishika vibaya maana hatukuwa na mtu wa kutukaripia.

Yeye alikuwa amekwisha kupanda siku moja kabla. Mjane hukaa ndani, amejifunika kanga, watu wanaingia kumpa pole. Bibi Afya aliposikia kwamba wanaume wa ukoo wamekusanyika Shuka Kwanza na majembe, alitoka msibani akateremka kwa miguu na kanga yake. Niliyoyasikia yalisemwa na watu wengi kwa namna moja, kwa hiyo nayaamini. Shemeji yake mkubwa alimwambia:

"Shemeji, hili si lako peke yako. Ni ndugu yetu. Hatuwezi kumpitisha kwenye matope."

"Ni ndugu yenu, mbebeni," alisema. "Sijakataza mtu kubebwa. Nimekataza kumtengenezea mtendaji barabara yake halafu aje apite akitupongeza. Rudini nyumbani."

Walirudi. Shemeji mkubwa alikuwa wa mwisho kuondoka, na inasemekana alilitupa jembe lake porini.

Kesho yake lori lilifika kwenye kona likakwama, kama kila mtu alivyojua litakwama. Nyuma yake lilikuwa gari la mtendaji na madiwani wawili, maana mfanyakazi akifiwa na mume wakubwa hawawezi kukosekana. Tukashuka wote. Jeneza likashushwa, likapanda mabegani. Kule mlimani wabebaji hupokezana njiani, na namna ya kupokezana ni kuguswa bega. Ukiguswa unaingia. Hakuna anayeuliza wewe ni nani.

Shemeji mkubwa alimgusa mtendaji bega.

Nitasema kweli: alibeba vizuri. Alikuwa mnene, alihema, kiatu kimoja kilizama kwenye tope akakiacha na kuendelea na soksi, lakini hakuliachia jeneza mpaka alipopokelewa. Mimi niliguswa kwenye mteremko mkali kuliko yote. Nilitamani kuwa na hoja yoyote ya kunitoa pale. Ubao ulinikata shingo, miguu ilitafuta mahali pa kukanyaga ikakosa, na mbele yangu mtu aliteleza, wote tukayumba, kwaya ikakatika katikati ya wimbo. Kisha ikaanza tena. Bibi Afya alikuwa anatusubiri juu, amekaa kwenye mkeka kati ya wanawake, na aliponiona natokea ukunguni alinitazama mikono.

Ulipofika wakati wa kujitambulisha kaburini, tulisimama mmoja mmoja. Mtendaji alisimama na mguu mmoja wa soksi, tope hadi magotini. Alikuwa na karatasi ya hotuba mfukoni, niliiona. Hakuitoa.

"Mimi nafanya kazi na mke wa marehemu," alisema, akakaa.

Lori halikuondolewa. Suala hilo halikurudi kikaoni tena, lilikufa kimya kimya, na wafagiaji walilihesabu kuwa ushindi wao mkubwa kuliko nyongeza yoyote ya mshahara. Taa ziliwashwa kwenye barabara kuu, na wauza samaki wakasogeza meza zao chini yake. Mwaka uliofuata kona nayo ikaingia kwenye bajeti. Mtendaji mwenyewe aliisimamia. Lakini pembeni kulikuwa na sharti la kawaida: wananchi wachangie nguvukazi. Wachimbe, wasombe mawe na mchanga, ndipo mji ulete saruji.

Bibi Afya alikuwa amestaafu na kuhamia Mhezi. Aliposomewa sharti hilo kwenye mkutano wa kijiji, aliuliza swali moja: "Mashimo ya taa za mjini yalichimbwa na nani?" Aliyekuja na ujumbe akasema yalichimbwa na mkandarasi, kwa malipo. "Basi huyo mkandarasi," akasema Bibi Afya, "mwelekezeni na huku." Mkutano ukavunjika bila mtu kunyoosha mkono.

Ndipo ofisi ikanituma mimi.

Nilipanda mwezi uliopita. Kutoka kwenye kona nilitembea, kama kila mtu. Nilimkuta nje ya nyumba yake, ameinama juu ya beseni, anaosha tangawizi. Amepungua mwili. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akatazama kucha zangu.

"Wamekutuma," alisema.

"Wamenituma."

"Kaa. Shika brashi hiyo, usinikalie mikono mitupu."

Nilimweleza nilivyoona mimi, si walivyonituma. Kwamba amekwisha shinda. Kwamba saruji ipo, mhandisi yupo, kilichobaki ni wiki chache za majembe ambayo watu wa huku wameyashika maisha yao yote. Kwamba mwaka wa fedha ukiisha hela itarudi. Na nikamwambia nililoogopa kumwambia: nimepishana kwenye kona na mama mjamzito amebebwa kwenye machela ya miti, anapelekwa zahanati, na kama angepatwa na jambo pale tungemlaumu nani?

Maji kwenye beseni yalikuwa mekundu kwa udongo.

"Unadhani nalala?" aliuliza. "Nikisikia machela inapita hapo nje natoka. Naenda nayo mpaka chini. Goti hili limekwisha kwa sababu hiyo."

"Inawezekana umekosea, Bibi Afya."

"Inawezekana sana. Ila mjini mkikosea mnaitwa wataalamu, sisi tukikosea tunaitwa wakaidi." Alichukua kipande kingine. "Digrii, niambie wewe uliyesoma. Kwa nini mtu wa chini anawekewa taa akiwa amelala, na wa juu anaambiwa achimbe kwanza ndipo ahesabiwe kuwa raia? Nipe sababu moja. Nikiiona ni ya kweli, kesho natoka na jembe."

Nilitafuta. Nilijua majibu yote ya ofisini: umiliki wa mradi, ushirikishwaji, uchache wa fedha. Nilijaribu la mwisho kwa sauti, na nilipofika katikati nikajisikia mwenyewe. Nikaliacha hapo, nikaendelea kusugua tangawizi.

"Haya," alisema.

"Kwa hiyo niwaambie nini?"

"Waambie nilikupa makande ukala ukashiba, na jibu ni lile lile."

Kweli alinipa makande. Tulikula tukiangalia ukungu ukiteremka, na kwa kuwa mimi ndivyo nilivyo, nikauliza tena.

"Na wewe ukifa hela ikiwa imesharudi, barabara iko vile vile?"

"Mtanibeba. Lori litafika pale kwenye kona, mtashuka, mtanipandisha. Ila mimi sitaki mfululize kama mlivyofanya kwa mwalimu. Mkifika katikati ya ule mteremko mniweke chini."

"Mwili hauwekwi chini njiani, Bibi Afya. Hata mimi nalijua hilo."

"Ndiyo. Ndiyo maana kila mtu atasimama aulize kuna nini." Alikusanya sahani zetu, akainuka kwa kushika goti. "Mniweke pale pale kwenye tope, wakubwa wawe wamesimama wananizunguka na viatu vyao, na msininyanyue mpaka mmoja wao aseme mbele ya watu wote ni lini kona itatengenezwa. Nitangoja. Siku hiyo sitakuwa na haraka ya kwenda popote."

Kisha akanipima mabega, kushoto na kulia, uso umekunjamana.

"Na wewe uanze mazoezi. Mwalimu alikuwa mwembamba, na bado uliyumba."